Siku Tisa za Hema

Machi 1, Jumamosi

Daftari hili ni mali ya klabu. Jalada gumu, muhuri wa klabu juu, kurasa zote zimepigwa namba, na kwenye ule wa kwanza meneja ameandika KUMBUKUMBU ZA CHOKAA. Natakiwa kuandika mifuko iliyoingia na iliyotumika. Haya basi: imeingia ishirini, umetumika mmoja. Nimemaliza kazi. Kurasa zilizobaki ni zangu, na mwenye uchungu aje azichukue.

Mimi ndiye mpiga mistari wa uwanja huu. Miaka kumi na saba, mrefu, mwandiko mzuri kuliko wa meneja. Shule niliachia kidato cha pili, si kwa ujinga. Mimi na mwalimu wa hesabu hatukuelewana, na fimbo alikuwa nayo yeye. Mama aliponiona nazurura akanileta kwa kaka yake. Huyo ndiye mjomba, mtunza uwanja, miaka ishirini na miwili anazikata nyasi hizihizi na kuzisemesha kama ng'ombe wa maziwa. Anakaa na mkewe, mkaza mjomba wangu, kwenye vyumba viwili chini ya jukwaa kuu. Mechi ikikolea na watu wakirukaruka huko juu, vumbi linashukia kwenye sufuria. Mimi nalala chumba cha mashine ya kukatia nyasi. Mashine haikoromi, kwa hiyo nimepata bora kuliko mkaza mjomba.

Mjomba hupiga mstari kwa vigingi na kamba, mtu ashike huku, mwingine kule. Mimi hupiga kwa jicho. Leo nimepiga wa pembeni wote bila kamba. Mjomba akapima, akasema umepinda vidole vitatu. Nikamwambia kilichopinda ni mgongo wake. Akanirushia kigingi. Mjomba na mpwa ni watani, hatuna kesi.

Machi 4, Jumanne

Meneja ameshuka toka ofisini na mgeni mwenye tai nyekundu na viatu vya ngozi, kwenye tope. Nimeshampa jina: Tai. Ni wa kampuni ya kubeti. Wanataka kuweka hema nyuma ya goli la kusini, watu wabeti palepale wakiangalia mechi.

"Mzee, nina shida ndogo," meneja akasema. Meneja akisema ndogo, kamata mfuko wako.

Tai akaeleza sheria, na alieleza vizuri, mdomo wake una mafuta. Kubeti uwanjani kunaruhusiwa siku nane tu kwa mwaka. Siku hiyo lazima iwe na mechi, tena mechi ya uwanja huohuo. Kila siku moja ina fomu yake, inapelekwa ofisi ya leseni kabla, na saini iwe ya msimamizi wa uwanja.

"Msimamizi si wewe?" mjomba akamuuliza meneja.

"Mimi mtu wa ofisini, mzee. Nani analala uwanjani? Nani anaamka uwanjani? Nyasi zinamjua nani?"

Hapo mjomba akalainika kama mkate kwenye chai. Lakini macho yake hayaoni maandishi madogo, na miwani yake mkaza mjomba aliikalia tangu mwaka jana. Nikasema leteni, mwandishi yupo. Meneja akatoa fomu nane zote kwa mpigo. Nafasi ya tarehe akasema tuache, atajaza mwenyewe. Nikaandika jina la mjomba kwa madaha, na kwenye cheo nikaandika Msimamizi Mkuu wa Uwanja.

"Mkuu wa nini tena?" mjomba akauliza nilipomsomea.

"Mkuu wa konokono na panzi."

Tulicheka mpaka Tai akacheka. Mjomba akatia saini mara nane, ulimi nje. Walipoondoka akaniambia, "Mkaza mjomba wako asijue. Atataka nimnunulie kiti cha mke wa Mkuu."

Machi 7, Ijumaa

Nimepigilia bango langoni. WALIO CHINI YA MIAKA KUMI NA MINANE HAWARUHUSIWI KUBETI. WACHEZAJI NA WAFANYAKAZI WA UWANJA HAWARUHUSIWI. Misumari sita, imenyooka yote. Hata bango lenyewe lilinishukuru.

Machi 8, Jumamosi

Mechi. Chokaa mfuko mmoja. Hema limekuja. Vigingi vyake ni vyuma virefu kama mkono, wakavipigilia kwenye nyasi za mjomba, kila kimoja kimeacha shimo. Nimeyahesabu mashimo: ishirini na manne. Jioni alipiga magoti akayafukia moja moja kwa kijiko.

Machi 10, Jumatatu

Meneja amechukua funguo. Zote: lango kubwa, lango la magari, vyoo, na stoo, ambako mashine ya nyasi imehamishiwa leo. Zilining'inia kiunoni kwa mjomba tangu sijazaliwa, akitembea unamsikia kabla hujamwona.

"Kuanzia leo mimi ndiye naamua nani anaingia uwanjani na lini," meneja akasema, maneno hayohayo, nimeyaandika yakiwa bado ya moto.

"Hata mashine ya nyasi niiombe?" mjomba akauliza.

"Utaandika barua."

Barua! Mtu wa miaka ishirini na miwili aandike barua aone mashine! Nilitaka kumjibu, mjomba akanikanyaga mguu. Sasa anatembea kimya, ghafla yuko nyuma yako kama paka. Hasira imenipanda mpaka nikakosea kuchanganya chokaa, ikawa uji.

Machi 15, Jumamosi

Mechi. Chokaa mmoja. Hema lipo. Nikapita karibu kuangalia tu. Tai akaniita, "Wewe mrefu, njoo. Umri wako ni urefu wako." Nikacheka. Nikajaza karatasi ya kubeti, mkeka wangu wa timu nne, nikapatia zote nne! Nimenunua raba nyeupe. Bango nililipigilia mimi, ndiyo, na nilipita chini yake nimeinua kidevu. Sheria za bango ni za watu wafupi.

Machi 18, Jumanne

Mvua. Raba zimeingia tope.

Machi 22, Jumamosi

Mvua toka alfajiri, uwanja ziwa. Mechi imeahirishwa. Chokaa haikutumika. Hema lilikuja vilevile, wakafunga runinga tatu, watu wakabeti mechi za ughaibuni wakiwa wamesimama kwenye nyasi zetu. Wote wamekanyaga pale nyuma ya goli, pamekuwa kama zizi.

Machi 23, Jumapili

Mechi ya jana imechezwa leo. Chokaa mmoja. Hema tena.

Mjomba alimuuliza meneja, "Jana na leo ni siku ngapi?"

"Moja, mzee. Jana hapakuwa na mechi. Siku isiyo na mechi si siku."

Na wale watu mia tatu waliokuwa hapa jana walikuwa lini?

Machi 29, Jumamosi

Mechi, chokaa mmoja, hema. Nilibeti, nikala hasara. Mwamuzi kipofu.

Aprili 3, Alhamisi

Mjomba ameandika barua ya kuomba mashine. Mimi ndiye niliyeiandika, kwa heshima zote, "Ndugu Meneja, naomba mashine yangu." Imerudi imeandikwa: Imepokelewa. Mashine haijatoka. Nyasi zinafika magotini upande wa kaskazini, na upande wa kusini hakuna hata jani.

Aprili 5, Jumamosi

Mvua. Mechi hakuna, chokaa haikutumika. Hema limejaa. Mtoto wa darasa la sita kanipita na mkeka mkononi. Nikamuuliza nani kakuuzia, akaniambia, "Aliyekuuzia wewe." Nilimwahidi kibao.

Aprili 12, Jumamosi

Mechi, chokaa mmoja, hema. Nikabeti tena, nikapoteza tena. Sitaki kuongelea.

Aprili 19, Jumamosi

Mechi. Chokaa mmoja. Hema. Mpira ulipofika goli la kusini ulikuwa unasimama wenyewe kwenye tope. Golikipa wetu aliteleza, akaumia goti, akabebwa. Watu wa hemani walishangilia, kwa sababu walikuwa wamebeti afungwe. Golikipa wetu! Watoto wa mtaa huu! Kigari cha chokaa nikakipiga teke. Mjomba kasema neno moja tu: "Nane."

"Nane nini?"

"Siku zimeisha. Wakija tena, mimi sifungui."

"Kwani ufunguo unao?"

Akaniangalia. Utani mwingine hautakiwi utoke mdomoni.

Aprili 20, Jumapili

Mkaza mjomba kafua suruali yangu, kakuta mikeka mitatu mfukoni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Kaibandika ukutani juu ya meza ya kulia, kila nikila naiangalia.

"Mpwa wa mume wangu," akasema, "lile bango langoni nani alilipigilia?"

"Mimi."

"Basi wewe huwezi kusema hukuliona. Kula."

Aprili 26, Jumamosi

Leo naandika mpaka kalamu iishe.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Mechi imeahirishwa tangu jana mchana, kila mtu anajua. Saa tatu asubuhi lori la hema likasimama lango la magari. Mjomba alishafika. Alikuwa amesimama katikati ya njia, buti miguuni, koti la mvua la mwaka wa shetani, mikono nyuma. Mimi nikasimama pembeni yake na kigari changu cha chokaa.

Meneja akashuka kwenye gari dogo, mwavuli juu.

"Mzee, pisha."

"Siku nane zimekwisha. Na mechi hakuna."

"Siku sita," meneja akasema. "Nimepeleka fomu sita. Wewe hesabu nyasi, za siku niachie mimi."

"Nimezihesabu kwa magoti yangu. Nane. Hii ya tisa."

Tai akachungulia dirisha la lori. "Mkuu wa uwanja leo kaamka na ukuu wake!" Wapakiaji wakacheka. Lile neno langu. Lile neno nililoliandika kwa madaha. Walikuwa wanalitafuna kama karanga.

Meneja akatoa lile fungu la funguo mfukoni, akalichezesha lilie. Makusudi. Akafungua lango, akampungia dereva. Mjomba hakupisha. Lori likaja polepole mpaka bampa likagusa koti lake. Nikamvuta. Nilimvuta mimi, na mpaka sasa sijui kama nilifanya vizuri. Lori likaingia moja kwa moja kwenye nyasi, njia ya pembeni wakaiona mbali, likakata eneo la goli, likazama. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka mpaka kwenye nyavu. Dereva akakanyaga mafuta, likazama zaidi. Mahali mjomba alipopandikiza jani kwa jani, sasa unaweza kumzika ng'ombe.

Nikachukua ile nusu ndoo ya chokaa iliyobaki kigarini, nikaimwaga yote kwenye kioo cha lori, na nyingine ikamfika Tai. Tai nyekundu sasa ni nyeupe. Chokaa: nusu ndoo, matumizi mengineyo.

"Umefukuzwa!" meneja akapiga kelele.

"Niandikie barua!" nikamjibu.

Mjomba hakucheka. Aliingia ndani, akakaa kitandani na buti zake za tope. Mkaza mjomba aliangalia zile buti, akaangalia mumewe, akachukua simu akatoka nje. Nilimsikia: "Ofisi ya leseni? Nataka kushtaki." Alitaja hema, watoto, tope, kila kitu. "Aliyeruhusu? Mtafuteni aliyetia saini, huyo ndiye mwizi wenu!"

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua saini ni ya nani.

Hema lilisimamishwa saa sita. Lilijaa. Siku ya tisa.

Aprili 29, Jumanne

Amekuja afisa wa leseni, mama mfupi mwenye mkoba mzito. Ana mihuri minne kwenye kikebe, kwa hiyo ni Mama Mihuri. Alipima mashimo, akapiga picha tope, akahesabu runinga. Nilianza kumpenda. Kisha akafungua faili.

"Msimamizi Mkuu wa Uwanja ni nani?"

Meneja hakukohoa, hakumeza mate. Alinyoosha kidole.

"Huyu mzee hapa. Mimi ni mwajiriwa wa ofisini tu. Saini zote ni zake. Kama amekuwa akileta hema siku za mvua, mimi nitajuaje?"

Niliruka. Mjomba akanishika mkanda wa suruali kwa nyuma kama mtoto anayetaka kuingia barabarani. Mama Mihuri akampa karatasi. Mei tisa, mbele ya kamati. Msimamizi akikutwa na hatia ni faini au kifungo, na kwa vyovyote haruhusiwi tena kufanya kazi kiwanja chochote cha michezo maisha yake yote.

Chochote. Maisha yote. Nimemsomea mara mbili kwa sababu alisema sikusoma vizuri.

Mei 2, Ijumaa

Mkaza mjomba amejua. Alimkuta mjomba anafunga vigingi vyake na kamba kwenye gunia, akamuuliza anahamia wapi. Mjomba akasema aliyetia saini ndiye yeye.

Juu ya jukwaa hapakuwa na mtu, hata vumbi halikushuka.

"Mimi nimempigia simu nani?" mkaza mjomba akauliza.

"Umefanya sawa," mjomba akasema.

"Nimemshtaki mume wangu! Nimemwita mwizi!"

"Hukujua."

"Na kwa nini sikujua? Watu wawili mnakaa ndani ya nyumba yangu, mnakula chakula changu, mnaficha karatasi nane!" Akanigeukia. "Na huo ukuu nani kaandika? Mume wangu hajui hata kujiita bwana."

Nikasema mimi. Nikasema ulikuwa utani. Alichukua mwiko, akaurudisha mezani bila kunipiga. Ningependa angepiga. Alisema, "Utani unafanywa kwa mdomo. Karatasi haicheki."

Naandika hivi nimekaa juu ya mashine ya nyasi. Wameitoa jana, imeandikwa karatasi: iuzwe.

Nawachukia wote. Meneja, Tai, dereva, wapakiaji, yule mtoto wa darasa la sita mwenye jibu tayari. Namchukia na huyu mwenye mwandiko mzuri.

Mei 5, Jumatatu

Nimesoma daftari hili toka mwanzo. Sijawahi kusoma kitu kirefu hivi kwa hiari.

Siku zenye hema: Machi nane, kumi na tano, ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na tisa. Aprili tano, kumi na mbili, kumi na tisa, ishirini na sita. Tisa. Siku za mechi chokaa imetumika, na za mvua haikutumika, isipokuwa ile iliyotumika kwa Tai. Mtunza stoo wa klabu ana stakabadhi za kila mfuko niliochukua, kwa tarehe. Hata kama kila mtu atadanganya, mifuko haidanganyi. Na tarehe kumi Machi yapo maneno ya meneja kuhusu funguo.

Nilikimbia nikamwonyesha mjomba. Akataka nimsomee yote. Nilipofika tarehe kumi na tano nikaruka.

"Umeruka," akasema.

"Hakuna cha maana."

"Soma."

Nikasoma. Mkeka, raba, sheria za watu wafupi.

"Ng'oa hizo kurasa tatu," akasema.

"Zina namba. Meneja mwenyewe ndiye aliyepiga namba. Ikikosekana moja watasema tumechakachua."

"Basi usilipeleke. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mimi nyasi zangu nimeshakata."

"Mjomba, acha ujinga."

"Usiniite mjinga."

"Nakuita Mkuu, basi."

Ndipo akacheka, kidogo, kwa pua. Kisha akasema nisilipeleke, anaamuru. Kwa nini mzee huyu hakasiriki? Hasira ninayo mimi peke yangu, naibeba ya watu wawili!

Mei 8, Alhamisi

Mikeka imetolewa ukutani. Mkaza mjomba ameipiga pasi, kaiweka kwenye bahasha. "Kama utakwenda, nenda na vyote," akasema. "Ukisema nusu, watakuona muongo mzima."

Mei 9, Ijumaa

Chumba cha ofisi ya leseni, ghorofa ya pili. Meza ndefu, wanakamati watatu, jagi la maji, feni iliyokufa. Mjomba kavaa shati jeupe lililofungwa mpaka kooni. Meneja kaja na Tai, na Tai kaja na tai mpya.

Meneja alisema dakika ishirini. Siku sita tu, fomu sita, zote za msimamizi. Siku za mvua hajui, hakuwepo, mzee alikuwa na tamaa. Tamaa! Mtu anayefukia mashimo kwa kijiko!

Mwenyekiti akamuuliza mjomba ana la kusema. Mjomba akasimama. "Saini ni zangu," akasema, akakaa. Mtu wa ajabu huyu. Nikasimama mimi.

"Wewe ni nani?"

"Mpiga chokaa. Nina kumbukumbu za chokaa."

Mtu mmoja akacheka. Mkaza mjomba akageuka akamwangalia, kicheko kikafa. Nikapeleka daftari mezani, ndani yake stakabadhi nilizoazima kwa mtunza stoo na ile barua ya mashine, na bahasha juu yake. Mjomba akanishika mkono nilipompita, nikajinasua. Ni mara ya kwanza kumkaidi bila utani.

Mama Mihuri alifungua, akasoma kimoyomoyo kidogo, kisha kwa sauti. Jamani, alisoma yote. Mwandiko mzuri kuliko wa meneja. Mashine haikoromi. Kilichopinda ni mgongo wake. Nilitamani sakafu ipasuke. Alisoma fomu nane na konokono na panzi, akasoma tarehe za mvua, chokaa haikutumika, hema limejaa. Akaziweka stakabadhi za stoo kando, akawa anaweka alama. Moja. Mbili. Mpaka tisa.

"Kijana kaandika jana usiku," meneja akasema.

"Kurasa zina namba kwa mwandiko wako," Mama Mihuri akamjibu. "Tope la Machi liko Machi. Na hapa Aprili tatu pana barua ya kuomba mashine. Hiyo barua ninayo, umeijibu wewe." Akafungua tarehe kumi Machi. "'Kuanzia leo mimi ndiye naamua nani anaingia uwanjani na lini.' Ulisema?"

Meneja akaangalia feni.

"Kifungu hakiulizi nani kaitwa Mkuu," Mama Mihuri akawaambia wenzake. "Kinasema msimamizi ni yule mwenye mamlaka ya kufungua na kufunga. Mzee, funguo ziko wapi?"

Mjomba akapapasa kiuno, kwa mazoea. Chumba kizima kiliona ule mkono unatafuta kitu ambacho hakipo. Kisha kila mtu akamgeukia meneja, na mfuko wa koti lake umevimba.

Wakaamua: mjomba hana hatia. Nilitaka kupiga kelele, lakini mwenyekiti alikuwa amefungua bahasha. Akapanga mikeka mitatu mezani.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Na ulikuwa mfanyakazi wa uwanja. Na bango ulilipigilia wewe."

"Misumari sita," nikasema.

Miezi kumi na miwili nisikanyage ndani ya uwanja. Mama yangu ataandikiwa barua. Daftari wanalibakiza. Mkaza mjomba alinipa leso yake, nikamwambia ni jasho.

Juni 7, Jumamosi

Daftari limerudi leo, lina muhuri kila ukurasa. Hata pale penye raba nyeupe.

Meneja amepewa onyo na kuhamishwa. Onyo! Yuko jengo la michezo mjini, nasikia ana kiti kinachozunguka. Kampuni imezuiwa uwanja wetu, na juzi nimeliona hema lao kwenye uwanja wa baiskeli ng'ambo ya pili. Bango jipya langoni, limepigiliwa ovyo, limepinda. Nilisimama pale nikatukana mpaka walinzi wakaniomba niende. Jumatatu naenda kwa Mama Mihuri kumuuliza kule wana fomu ngapi. Kalamu ninayo.

Mimi nalala kwa fundi viatu nyuma ya uwanja. Mkaza mjomba ananipitishia chakula juu ya uzio kwa kikapu na kamba, na kila siku anauliza kama nimemwandikia mama.

Leo kuna mechi. Nilikuwa nimesimama nje ya uzio namwangalia mjomba akipiga mistari peke yake, funguo zinalia kiunoni. Kupiga kwa jicho hajui. Anafunga kamba kwenye kigingi, anatembea mita mia, kigingi kinang'oka kwenye tope, anarudi. Mara tatu.

"Umepinda!" nikamwambia. "Umepinda vidole kumi!"

"Nyamaza, mfungwa!"

"Mkuu wa konokono!"

Akaja mpaka kwenye uzio, anahema. Mstari wa pembeni uko hatua mbili toka hapo. Akaipitisha ncha ya kamba kwenye tundu la waya, akanipa.

"Wamesema usikanyage," akasema. "Hawakusema usishike."

Nikaizungusha mkononi mara mbili, nikarudi nyuma, nikavuta. Kule mwisho akavuta na yeye. Kamba ikakaza mpaka ikanikata kiganja. Sikulegeza.

Mechi ipo. Hema hakuna. Chokaa: mfuko mmoja.